Toleo Lipi? Kazi za Ben Jonson, Wahariri Wake, na Upungufu wa Istilahi Zetu

Barua iliyosababisha makala haya iliandikwa na walimu wawili wa chuo kimoja cha ualimu, waliokuwa wamegawana kazi ya kutafsiri tamthilia ya Kiingereza kwa ajili ya kikundi chao cha maigizo. Tamthilia yenyewe ni Every Man in His Humour ya Ben Jonson, ambayo kwa lugha yetu twaweza kuiita Kila Mtu na Hulka Yake. Mmoja alishika sehemu ya mwanzo, mwenzake akashika sehemu ya mwisho, kila mmoja akitumia kitabu alichokipata. Walipokutana ili kuunganisha walichokiandika, yule baba mzee ambaye mwanzoni alikuwa Mwitaliano aitwaye Lorenzo, katika mji wa Florence, mwishoni alikuwa amegeuka Mwingereza aitwaye Knowell, mkazi wa kando ya London. Rafiki wa mwanawe, Prospero, alikuwa amekuwa Wellbred. Na mume mwenye wivu, Thorello, alikuwa amekuwa Kitely. Kila mmoja wao alidhani mwenzake amejitungia. Hata hivyo vitabu vyote viwili vilikuwa na jina moja na mwandishi mmoja, na kila kimoja kilijitambulisha kwa neno ambalo kamusi zetu hulifasiri kuwa “toleo”. Wakauliza: toleo lipi ni sahihi, na lipi lina makosa?

Nilijibu kwa mstari mmoja tu kwamba hizo ni “tofauti za matoleo”. Jibu hilo halikuwa la uongo, lakini halikumsaidia mtu. Nilipoitazama upya kadi ya neno hilo katika sanduku la istilahi niliona sababu. Kadi hiyo, ambayo niliijaza kwa mkono wangu mwenyewe, iliweka neno moja la Kiswahili mbele ya mambo manne yasiyofanana: nakala zote zilizopigwa chapa kwa mara moja, namba moja ya gazeti au jarida, kitabu kilichorekebishwa na mwandishi wake na kutolewa tena, na kitabu kilichotengenezwa na mtaalamu baada ya kulinganisha nakala zote za zamani na kuamua, neno kwa neno, lipi lichukuliwe na lipi liachwe. Mtu aliyepewa neno moja kwa mambo manne hawezi kulaumiwa akiunganisha Florence na London.

Makala haya, basi, yanakusudia kufuata historia ya kukusanya na kuhariri kazi za mwandishi huyo mmoja, kwa muda wa miaka mia nne, ili tuone ni mambo gani hasa yanayohitaji kupewa majina. Jonson amechaguliwa badala ya Shakespeare kwa sababu moja. Shakespeare hakuonekana kujali tamthilia zake zipigwe chapa vipi, na zilikusanywa na wenzake katika kitabu cha 1623, yeye akiwa kaburini tangu 1616. Jonson alizikusanya zake mwenyewe akiwa hai, akazisahihisha, akazipanga na kuzipa jina. Mtu angetarajia kwamba kwa mwandishi wa namna hiyo mhariri hana kazi. Mambo yalikwenda kinyume kabisa.

Jonson alizaliwa 1572 na kufariki 1637. Alilelewa na baba wa kambo aliyekuwa mwashi wa matofali, akapata elimu nzuri ya Kilatini katika shule ya Westminster, akashika uashi kwa muda, akawa askari, kisha mwigizaji na mtunzi. Mwaka 1598, mwaka ule ule ambao Kila Mtu na Hulka Yake ilichezwa kwa mara ya kwanza, Shakespeare akiwa mmoja wa waigizaji, Jonson alimwua mwigizaji mwenzake, Gabriel Spencer, katika pambano la panga. Aliponea chupuchupu kunyongwa, kwa kuwa sheria ya wakati huo ilimpa nafuu mshtakiwa aliyeweza kusoma Kilatini mbele ya mahakama. Alitiwa alama ya moto kwenye kidole gumba akaachiliwa. Twaweza kusema kwamba alipigwa chapa yeye kabla tamthilia yake hata moja haijapigwa chapa.

Ile tamthilia ya 1598 ilitolewa kwa maandishi 1601, katika kijitabu cha namna iitwayo kwarto. Yafaa tueleze neno hili, maana ndilo linalowatatiza wafasiri wengi. Kwarto ni kitabu ambacho karatasi yake kubwa imekunjwa mara mbili, ikatoa majani manne, yaani kurasa nane. Folio ni kitabu ambacho karatasi hiyo imekunjwa mara moja tu, ikatoa majani mawili, kurasa nne. Kwarto ilikuwa ndogo na rahisi, ya kununuliwa kama tununuavyo kijarida. Folio ilikuwa kubwa na ya gharama, ikitumika kwa Biblia, kwa sheria, kwa historia na kwa waandishi wa Kirumi na wa Kiyunani. Maneno haya mawili, kwa hiyo, yanataja jinsi karatasi ilivyokunjwa na, pamoja na hayo, heshima ambayo kitabu kilidai kwa wasomaji wake. Ndiyo maana sikubaliani na pendekezo la kuyafasiri kwa “kitabu kikubwa” na “kitabu kidogo”. Tuyaache yalivyo, folio na kwarto, na tuyaeleze mara moja katika kamusi.

Mwaka 1616 Jonson alitoa folio yenye kurasa zaidi ya 1000, iliyochapwa na William Stansby wa London. Ndani yake mlikuwa na tamthilia tisa, mashairi, na michezo ya fahari iliyochezwa katika jumba la mfalme. Jina alilolipa kitabu hicho lilikuwa ni neno moja la Kiingereza lenye maana ya “kazi”, kwa wingi, kwa kufuata Kilatini ambacho huziita maandiko ya mwandishi mkubwa opera. Watu walicheka. Kwa Waingereza wa wakati ule tamthilia iliitwa mchezo, na mchezo haukuwa kazi. Mkusanyiko mmoja wa mashairi ya dhihaka uliotolewa 1640 unamtaka Jonson aeleze siri iliyomfanya akiite kazi kile ambacho wengine hukiita mchezo.

Wanaistilahi tuna bahati adimu hapa, kwani dhihaka hiyo inapita katika lugha yetu bila kupoteza hata chembe. Sisi nasi tuna mchezo wa kuigiza na tuna kazi, na mzazi anayemkuta mwanawe akijifunza maigizo bado humwuliza ataacha lini mchezo ashike kazi. Isitoshe, sisi tuliwahi kulikwepa tatizo la Jonson kwa upande mmoja. Mshairi wa Kiswahili anayekusanyiwa tungo zake hupewa diwani, neno lenye heshima yake tangu Uajemi na Uarabuni, na hakuna anayemcheka. Diwani ya Muyaka na Diwani ya Shaaban ni majina yanayojitosheleza. Lakini je, mwandishi wa tamthilia naye ana diwani? Katika kikao kimoja cha istilahi mzee mmoja, mshairi mwenyewe, alisema kwa ukali kidogo kwamba diwani ni ya mashairi na mwigizaji akatafute jina lake. Naona alisema kweli. “Kazi zilizokusanywa” ni jina refu, lakini ni la haki, na lina historia ya kugombaniwa.

Tulitazame sasa neno “zilizokusanywa”, kwa maana ndani yake mna hatari. Folio ya 1616 haikukusanya kila kitu. Jonson aliacha nje tamthilia zake za mwanzo ambazo hakuzionea fahari tena, na aliacha zile alizoandika na wenzake, miongoni mwazo Eastward Ho ya 1605, iliyomtia gerezani kwa kuwakejeli Waskoti mbele ya mfalme aliyetoka Skotlandi. Hata zile alizoziingiza hakuziacha kama zilivyokuwa. Katika tamthilia ya Sejanus, iliyochezwa 1603 na kuchapwa 1605, anawaambia wasomaji waziwazi kwamba kitabu hicho si sawa na kilichochezwa jukwaani, kwa kuwa kalamu ya mtu wa pili ilikuwa na sehemu kubwa, naye ameiondoa sehemu hiyo na kuweka maneno yake badala yake. Kilichosikika jukwaani kimepotea. Tunachokihariri leo ni kitabu ambacho mwandishi alikuwa ameshakihariri ili aonekane peke yake.

Na ndiyo folio ya 1616 iliyomhamisha Lorenzo kutoka Florence. Jonson aliichukua ile tamthilia ya 1601 akaiandika upya: mahali pakawa London, majina ya Kiitaliano yakawa ya Kiingereza yenye maana ndani yake, mazungumzo yakapata harufu ya mitaa aliyoijua. Alifanya zaidi ya hayo. Karibu na mwisho wa kwarto ya 1601 kijana wa yule baba mzee anasimama kuutetea ushairi kwa maneno marefu na ya moto mbele ya baba anayeona kwamba ni upuuzi. Katika folio hotuba hiyo imeondolewa. Mwandishi wa miaka 44 alimnyamazisha kijana aliyekuwa amemwandika akiwa na miaka 26. Hapo hakuna kosa la mpiga chapa. Kuna maandiko mawili ya mtu mmoja, na kila moja ni halali.

Makosa ya wapiga chapa nayo yalikuwapo, na yana elimu yake. Katika kiwanda cha Stansby, kama katika viwanda vyote vya wakati huo, karatasi zilianza kupigwa chapa kabla usahihishaji haujakwisha. Kosa lilipoonekana, mashine ilisimamishwa, herufi zikabadilishwa, kazi ikaendelea. Lakini karatasi ilikuwa ghali, na zile zilizokwisha kupigwa na kosa hazikutupwa. Zilichanganywa na zile zilizosahihishwa na kushonwa pamoja. Matokeo yake ni kwamba nakala mbili za kitabu kimoja, zilizotoka kiwanda kimoja katika mwaka mmoja, haziko sawa, na inawezekana nakala moja ina kosa katika ukurasa huu na sahihisho katika ule. Hapa “nakala” inaacha kuwa neno jepesi. Mhariri hawezi kusema “folio inasema hivi” kabla hajatazama folio nyingi.

Kazi hiyo ya kuziweka nakala uso kwa uso, herufi kwa herufi, ndiyo msingi wa uhariri wote wa kitaalamu. Charlton Hinman, Mmarekani aliyeshughulikia folio ya Shakespeare, alitengeneza mashine ya vioo na taa iliyomwezesha kuona kurasa mbili zikiwa zimelaliana. Mahali palipokuwa na tofauti palimetameta. Aliitumia katika maktaba ya Folger, mjini Washington, ambayo ina nakala 82 za folio hiyo, na akatoa matokeo yake 1963. Wataalamu wa maandishi ya Kiarabu walikuwa na jina la kazi hii karne nyingi kabla: muqabala, yaani kukabilisha. Mwanafunzi alinakili kitabu, kisha alikaa na nakala nyingine au na mwalimu wake wakakabilisha. Kiswahili kina kitenzi hicho hicho. Sioni kwa nini tuunde neno jipya wakati kukabilisha nakala kunaeleweka na kila mtu aliyekaa chuoni mbele ya sheikh, na pia na karani wa masijala.

Jonson mwenyewe aliwachukia wapiga chapa wabaya. Mwaka 1631 alianza kutoa folio ya pili, akampa mchapaji mmoja tamthilia tatu, akakasirishwa mno na uzembe wake hata akamlalamikia mlezi wake, Mkuu wa Newcastle, katika barua. Kazi ilikwama. Jonson alikuwa tayari mgonjwa wa kupooza, na karatasi zake nyingi zilikuwa zimeteketea katika moto uliounguza chumba chake 1623. Miongoni mwa vilivyoungua ilikuwamo sarufi ya Kiingereza aliyokuwa ameiandika. Aliiandika tena, nayo ikatolewa baada ya kufa kwake katika folio ya 1640, pamoja na zile tamthilia tatu za 1631, kwa karatasi zile zile alizozilalamikia. Ndivyo walivyomheshimu: walikusanya hata makosa aliyoyakataa.

Miaka mia moja na zaidi baadaye wahariri walianza kazi. Peter Whalley alitoa juzuu saba 1756, na William Gifford juzuu tisa 1816. Gifford alimpenda Jonson kama wakili ampendavyo mteja wake, na alimtetea kwa hasira dhidi ya kila aliyemsingizia kuwa alimwonea wivu Shakespeare. Lakini alimvalisha nguo zisizo zake. Jonson alikuwa amegawa maonyesho kwa desturi ya Kirumi, akiorodhesha wahusika kila wanapobadilika. Gifford aliyagawa kwa desturi ya jukwaa la wakati wake, akaongeza maelezo ya mahali: chumba katika nyumba ya fulani, mtaa mbele ya nyumba ya fulani. Maelezo hayo yalinakiliwa katika vitabu vingi vya bei rahisi vilivyofuata. Mfasiri anayeyatafsiri kwa uaminifu leo anamtafsiri Gifford, na huenda asijue.

Toleo kubwa la Oxford lilianza kuonekana 1925 na kumalizika 1952, juzuu 11. Lilianzishwa na C. H. Herford na Percy Simpson. Herford alifariki 1931, na Simpson akaendelea pamoja na mkewe, Evelyn, ambaye jina lake liliingia kwenye juzuu za baadaye kwa haki kabisa. Simpson alizaliwa 1865. Juzuu ya mwisho ilipotoka alikuwa amevuka umri wa miaka 85. Siwezi kuitaja kazi hiyo bila staha. Walihifadhi tahajia ya zamani, wakafuata folio ya 1616 kwa sababu waliamini kwamba Jonson aliisimamia karatasi kwa karatasi, na tofauti za kwarto wakaziweka chini ya ukurasa kwa herufi ndogo. Isipokuwa mahali pamoja: Kila Mtu na Hulka Yake. Hapo tofauti zilikuwa nyingi mno kuingia katika tanbihi, nao wakachapa tamthilia mbili kamili, ya Florence na ya London, katika juzuu moja ya 1927. Walimu wetu wawili wangekuwa na juzuu hiyo, barua isingeandikwa.

Imani ya Simpson juu ya usimamizi wa Jonson haikukubaliwa yote na waliokuja nyuma yake. Walipokabilisha nakala nyingi zaidi, waliona masahihisho mengi ni ya kiwandani tu. Wakati huo huo W. W. Greg, katika makala yake maarufu ya 1950, aliwafundisha wahariri kutenganisha mambo mawili: maneno yenyewe, na vazi la maneno, yaani tahajia, vituo na herufi kubwa. Kwa vazi, alisema, mhariri afuate andiko la mwanzo lililo karibu zaidi na mkono wa mwandishi. Kwa maneno, awe huru kuchukua badiliko la baadaye likiwa ni la mwandishi kweli. Mojawapo ya vielelezo vya Greg ilikuwa ni Jonson huyu huyu. Lile andiko ambalo mhariri analiweka mezani kama mwongozo wake nimelipa jina la “nakala msingi”, na hadi sasa hakuna aliyenipinga.

Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Cambridge kilitoa juzuu saba mpya, zikisimamiwa na David Bevington, Martin Butler na Ian Donaldson, na toleo la kielektroniki likafuata 2014. Wao walifanya maamuzi kinyume na Oxford takriban katika kila jambo la msingi. Tahajia imefanywa ya kisasa. Kazi zimepangwa kwa tarehe, bila kufuata mpango wa Jonson mwenyewe. Zile zilizoandikwa pamoja na wengine zimeingizwa, na kadhalika mchezo mfupi wa 1609 ulioandikwa kwa ufunguzi wa soko jipya la London, ambao mswada wake uligunduliwa katika hati za serikali katika miaka ya 1990. Ile tamthilia ya Florence iko katika juzuu ya kwanza, na ya London iko katika juzuu ya nne, zikitenganishwa na maisha ya mtu.

Mpango wa tarehe unaonekana kuwa jambo la karani tu. Sivyo. Iko tamthilia iitwayo A Tale of a Tub. Oxford waliiona kuwa kazi ya ujanani iliyotiwa viraka uzeeni, wakaiweka mbele ya tamthilia zote. Cambridge wameiona kuwa ya 1633, kazi ya mzee aliyepooza akikumbuka vijiji vya zamani, wakaiweka karibu na mwisho. Maneno ni yale yale. Anayesoma juzuu za Oxford hukutana na kijana anayejaribu kalamu. Anayesoma za Cambridge hukutana na mzee anayeaga.

Kuhusu tahajia ya kisasa niseme neno moja, kwa sababu linatugusa. Katika Poetaster, iliyochezwa 1601, Jonson anamleta jukwaani mshairi Horace akimpa adui yake kidonge cha kumtapisha, na kinachotapikwa ni maneno: maneno makubwa mapya yaliyotungwa kutokana na Kilatini na kutiwa katika Kiingereza kwa majivuno. Beseni linaletwa, neno moja moja linatoka, watazamaji wanacheka. Mengi ya maneno hayo yamekufa. Lakini conscious na strenuous yalitapikwa humo, na leo kila mwanafunzi wa sekondari anayatumia bila kujua kwamba yaliwahi kuwa kichekesho. Mhariri asiyeyawekea maelezo anamnyima msomaji mzaha wote. Nami, kila ninapotoka kikaoni tumepitisha maneno thelathini kwa siku moja, hulikumbuka beseni hilo. Mfano mwingine uko katika jina la tamthilia tuliyoanza nayo. Mtu akilisoma kwa Kiingereza cha leo atafasiri “Kila Mtu na Ucheshi Wake”. Enzi hizo neno hilo lilitaja majimaji ya mwili, damu, kohozi na nyongo za aina mbili, yaliyoaminiwa kutawala tabia ya mtu. Ndiyo maana nimeandika “hulka”.

Je, mambo haya ya Uingereza yanatuhusu nini, zaidi ya kuwasaidia wafasiri wachache? Yanatuhusu kwanza kupitia kitabu ambacho kila mwalimu wa Kiswahili anakijua. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare na kuitoa 1963, kisha akairekebisha na kuitoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Tamthilia hiyo haina kwarto. Andiko lake la asili ni folio ya 1623 peke yake. Lakini Jonson ameacha ushahidi. Katika kumbukumbu zake zilizotolewa baada ya kufa kwake anamcheka Shakespeare kwa kumfanya Kaizari aseme kwamba hakufanya dhuluma ila kwa sababu ya haki. Katika folio maneno hayo hayamo kwa namna hiyo. Wapo wanaoamini kwamba yalibadilishwa kwa ajili ya kicheko cha Jonson. Mfasiri yeyote wa mahali hapo, wa lugha yoyote, anakipata kile ambacho mhariri wa kitabu chake amekiamua.

Na tafsiri yenyewe ya Mwalimu sasa ina maumbo mawili, la 1963 na la 1969, yote kwa mkono wake. Siku atakapopatikana mtaalamu wa kuzikusanya na kuzihariri tafsiri zake, pamoja na Mabepari wa Venisi ya 1969, atakaa penye kiti kile kile cha Simpson. Atafuata lipi? Ataweka jingine chini ya ukurasa, au atachapa yote mawili? Na ataandika utangulizi wake kwa maneno gani, ikiwa sisi tumempa “toleo” tu?

Muyaka naye ni hivyo. Tungo zake zilikusanywa Mombasa na W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, William Hichens akazitoa 1940, na Mohamed Abdulaziz akatoa uchunguzi wake 1979. Kila hatua ilikuwa na uamuzi wake: kutoka mdomoni hadi karatasini, kutoka hati za Kiarabu hadi herufi za Kirumi, kutoka Kimvita hadi tahajia ya shule.

Hapo ndipo ugumu wa istilahi ulipo. Waarabu huuita uhariri wa namna hii tahqiq, nasi tungeweza kusema “toleo la uhakiki” tukamaliza. Lakini uhakiki umeshachukuliwa na walimu wa fasihi, na watumishi wa serikali wakilisikia hukumbuka mara moja uhakiki wa vyeti. “Tahakiki” nayo inawakumbusha wanafunzi vile vijitabu vya kujibia mtihani. “Kisomo”, ambalo lingefaa kutaja namna neno linavyosomeka katika nakala fulani, lina wenyewe tangu kampeni za elimu ya watu wazima. Baada ya kuyapima, napendekeza hivi: chapa kwa nakala zilizopigwa mara moja, toleo kwa kitabu kama kilivyotolewa sokoni, na kwa namba ya jarida, umbo kwa andiko la mwandishi linalosimama peke yake kando ya jingine, msomeko kwa neno kama linavyoonekana katika nakala hii au ile, na toleo pambanuzi kwa kazi ya mtaalamu aliyekabilisha nakala na kuamua. Nimechagua kupambanua kwa kuwa kitenzi cha Kiyunani kilichozaa istilahi ya Kizungu nacho kilikuwa na maana ya kutenga na kuamua. “Msomeko” ndilo ninaloliamini kidogo kuliko yote, na wasomaji wenye neno bora, hasa wa pwani, wanaombwa kulileta kabla kadi hazijapelekwa kikaoni.

Wale walimu wawili niliwaandikia barua ya pili, ndefu kuliko ya kwanza. Wamechagua Florence, kwa sababu walitaka ile hotuba ya kijana, na mwalimu aliyekuwa na kitabu cha London amekubali kutafsiri upya sehemu yake yote. Katika ukurasa wa jina wameandika: kutoka umbo la 1601. Neno “umbo” kwa maana hiyo bado halijapitishwa.